Pini ya jirani yangu, mikono ya shangazi yangu

Jumamosi jirani yangu hapa Virginia, bibi wa miaka 81, alinialika nimshuhudie akivishwa pini. Yumo katika Daughters of the American Revolution, chama cha wanawake kilichoundwa mwaka 1890. Huingii mpaka uthibitishe kwa karatasi kuwa umezaliwa na ukoo wa mtu aliyesaidia vita vya uhuru wa Marekani. Miaka nenda miaka rudi amesafisha makaburi ya askari wa zamani, na kila saa imeandikwa. Iliposomwa jumla yake, ukumbi mzima ulisimama. Mimi nikalia, na sikumlilia yeye.

Nilimlilia shangazi yangu wa Wete, Pemba. Tangu napata akili zangu, yeye ndiye anayegongewa mlango usiku wa manane kukosha maiti ya kike. Hukata sanda, hukosha, hutia karafuu maiti, akarudi kwake kabla chai ya msiba haijachemka. Nani ameandika? Nishani za Mapinduzi zinavishwa, sawa, lakini mkosha maiti wa mtaani nani alimwita mbele za watu?

Najua mtakayosema. "Keshaona theluji, sasa anataka tuvishane pini." "Mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue." Naijua hadithi hiyo, nimeisoma chuoni kama nyinyi. Shangazi asijitaje, hiyo ni ibada yake. Lakini sisi tuliokoshewa mama zetu, kunyamaza kwetu kuna thawabu gani?

Wala sisemi hawa ni bora kuliko sisi. Chama hichohicho mwaka 1939 kilimnyima mwimbaji Marian Anderson ukumbi wake kwa weusi wake, akaenda kuimba kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Lincoln, watu 75,000 wakamsikiliza. Shangazi hajawahi kuuliza maiti ilikuwa ya chama gani cha siasa. Wapemba, nyinyi mnajua neno hilo lina uzito gani kwetu.

Siti binti Saad tunaye mpaka leo kwa kuwa sauti yake iliingia kwenye santuri, Bombay, mwaka 1928. Mikono haiingii kwenye santuri.

Basi juzi nilimpigia mdogo wangu, nikamwambia anunue daftari, akae na shangazi. La kwake hakulitaja hata moja. Wenziwe aliokosha nao, Limbani mpaka Jadida, keshataja 17, na 8 kati yao ni marehemu.