Tusiwakalishe mama zetu

Mama yangu alilima mpaka akiwa na miaka 64. Sizungumzii kilimo cha kusimamia vibarua. Jembe lilikuwa mkononi mwake, mgongo umeinama, na jioni alikuwa anapandisha kilima na mzigo wa kuni kichwani, huko kwetu Muheza. Tulipomhamishia Dar es Salaam, Mbagala, tukampa chumba chenye hewa, godoro nene, televisheni na msichana wa kazi. Halafu tukamwambia neno ambalo kila mtoto mwenye mapenzi humwambia mama yake: "Mama, umehangaika vya kutosha. Sasa pumzika."

Akapumzika kweli. Akitaka kufua, tulimnyang'anya beseni. Akishika ufagio, msichana alikuwa anakimbilia kuupokea. Maji ya kuoga alipelekewa bafuni, na chai ililetwa pale pale kwenye kochi.

Miaka miwili baadaye tulikuwa msibani Temeke. Kina mama wamekaa mkekani kama ilivyo kawaida, dua imekwisha, watu wanaanza kunyanyuka. Mama hakunyanyuka. Aliegemea mkono mmoja, akajaribu, akarudi chini. Akajaribu upande wa pili. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Jamani nishikeni." Wanawake wawili wakamshika kwapani wakamwinua. Niliona uso wake alipokuwa anajifunga kanga upya, na sijausahau.

Mwanamke huyu alikuwa anapandisha kilima na kuni. Miaka miwili tu ya mapenzi yetu ilimfikisha hapo.

Kituo cha kwanza cha afya tulichompeleka walisikia umri wake, wakasema ni uzee, wakatuandikia dawa za maumivu. Tulirudi nyumbani na bahasha ya vidonge. Ilichukua miezi mingine kabla hatujakutana na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ambaye hakuuliza habari za maumivu kwanza. Alimwekea mama kiti na kumwambia, "Shikamoo mama. Naomba unyanyuke hapo bila kushika popote." Hakuweza. Yule kijana akatugeukia sisi watoto. "Uzee upo, lakini huu si uzee peke yake. Mama amekalishwa."

Neno hilo, amekalishwa, ndilo lililonifanya nianze kusoma.

Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wa miaka 20, wazima kabisa, wakawalaza kitandani kwa wiki tatu. Walipoinuka, uwezo wa miili yao kuvuta na kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 ikapita. Wakaitwa tena wale wale watano, sasa watu wazima wenye vitambi, wakapimwa upya. Ikaonekana kwamba wiki tatu za kulala kitandani ziliwapunguzia uwezo zaidi kuliko miaka 30 yote ya kuzeeka. Kisha wakapewa miezi sita ya mazoezi ya kutembea, kukimbia na baiskeli, wakaanza polepole, na uwezo ule ukarudi pale ulipokuwa walipokuwa vijana kabla ya kulazwa. Watu watano ni wachache, najua. Lakini soma tena jambo lenyewe: wiki tatu dhidi ya miaka thelathini. Sisi tulimpa mama miaka miwili.

Kinachotokea ndani si siri. Mwili hautunzi kitu usichokitumia. Kuanzia miaka ya 30 hivi, mtu hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila baada ya miaka kumi, na akivuka 60 kasi huongezeka. Zinazotangulia kupungua ni zile nyuzi za misuli zenye kasi, ambazo hukudaka ukijikwaa. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea vizuri ndani ya nyumba mwaka mzima, halafu siku moja akateleza kwenye vigae vya bafuni, akakosa nguvu za kujizuia, akavunjika nyonga. Au konda amegonga bati, daladala imeanza kuondoka na mguu mmoja bado uko hewani. Kijana atayumba na kucheka. Mzee ataanguka.

Moyo nao hufuata miguu. Mtu anayejizoeza, moyo wake husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, kwa hiyo akitulia hupiga taratibu. Ndani ya misuli huota mishipa midogo ya damu, na vile vinu vidogo vya kutengenezea nguvu ndani ya seli huongezeka. Mtu asiyejizoeza, yote hayo hurudi nyuma. Ndipo unamsikia mzee anahema kwa kupanda ngazi sita, na sisi tunasema, "Si unaona amechoka? Mwacheni akae." Tunamtibu kwa kilekile kilichomuumiza.

Kuna sukari pia, na hapa nawaomba wenye wazazi wenye kisukari wanisikilize. Sehemu kubwa ya sukari inayotoka kwenye chakula hupelekwa kwenye misuli. Msuli unapokaza, hufungua milango yake na kuingiza sukari kutoka kwenye damu hata bila kusubiri insulini, ile homoni inayofungulia sukari mlango, na baada ya zoezi mwili huendelea kuipokea sukari vizuri kwa saa nyingi, wakati mwingine mpaka kesho yake. Kwa hiyo mama aliyepoteza misuli ya mapaja hajapoteza nguvu tu. Amepoteza ghala. Tunambana kwenye ugali na wali, tunampima asubuhi na jioni, na wakati huohuo tumemfungia mlango wa ghala kwa kumkalisha kwenye kochi.

Mwanangu wa miaka kumi aliniuliza kama misuli ya bibi inaweza kurudi. Nilikuwa na jibu. Mwaka 1990, huko Boston, yalichapishwa matokeo ya wazee kumi waliokuwa wanaishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Walinyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane, uzito wa kweli unaowatoa jasho, si kupunga mikono wakiwa wamekaa. Mmoja hakumaliza. Kwa wale tisa, nguvu za misuli iliyofanyishwa kazi ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha kutumia bakora. Na kati ya watatu waliokuwa hawawezi kusimama kutoka kitini bila kushika, mmoja aliweza. Miaka tisini! Mama yangu alikuwa na 66.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri tunaoupenda sana mjini, ule wa "mama atembee tembee." Kutembea ni kuzuri kwa moyo na presha, sipingi. Lakini kutembea hakuurudishi msuli uliokwisha, kwa sababu msuli hujengwa na mzigo, na mzigo lazima upande. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini linaongeza jambo ambalo huku kwetu linarukwa: mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki, na kwa wenye miaka 65 kwenda juu, mazoezi ya kujisawazisha na ya nguvu siku tatu au zaidi. Halikusema wazee wapunguziwe. Limewaongezea.

Na hebu tuseme ukweli, mama atembee wapi? Barabara zetu nyingi za mitaani hazina njia ya miguu, na penye njia kuna bodaboda na meza za biashara. Saa nne asubuhi mwezi Februari jua la Dar na unyevu wake vinamchosha hata kijana. Ninavipenda vikundi vya jogingi vinavyopita Temeke na Mbagala alfajiri ya Jumapili, fulana za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka, barabara nzima inaamka. Lakini angalia ni nani hayumo. Mazoezi tumeyapa sura ya kijana anayekimbia. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, mtaa mzima ulizungumza juu ya mapafu na pumzi. Sawa, tulistahili furaha ile. Ila mama anayetaka kunyanyuka mkekani naye ana mashindano yake.



Nyumbani tulianza hivi. Kiti cha plastiki kikaegemezwa ukutani kisiteleze, tukaweka mito miwili juu yake ili kiwe kirefu. Kazi ilikuwa moja tu: kaa, simama. Siku ya kwanza mama alisimama mara tatu, ya nne akashindwa. Tukapumzika, tukarudia. Siku tatu kwa wiki. Wiki ya tatu alifika mara nane, na yeye mwenyewe akashangaa kwa sababu mapaja yalikuwa bado membamba vilevile. Yule mtaalamu alitueleza kwamba mwanzoni ni mishipa ya fahamu inayojifunza upya kuuamsha msuli. Nyama yenyewe hukua baadaye, baada ya wiki kadhaa. Tukatoa mto mmoja. Tukatoa wa pili. Kisha akaanza kukumbatia kifuani chupa ya maji ya lita moja na nusu, baadaye dumu la lita tano. Tukaongeza yai na maharage mezani, kwa sababu chai na mkate asubuhi, uji jioni, havijengi kitu.

Magoti? Yalimuuma mwanzoni, na ndugu wakatuambia tuache. Hatukuacha, tulipunguza. Msuli wa paja wenye nguvu huubeba mzigo ambao ungeangukia goti, na kwa magoti yaliyolika mazoezi ya kuimarisha mapaja ni sehemu ya matibabu yenyewe. Maumivu kidogo yanayotulia kesho yake tuliyavumilia. Maumivu yanayokua, au goti linalovimba, ni habari nyingine. Na yapo mambo ya kutochezea: mwenye presha iliyo juu sana aitulize kwanza kwa daktari, asibane pumzi anaponyanyua maana hilo huipandisha presha ghafla, anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari ajue kwamba zoezi linaweza kuishusha zaidi, na anayebanwa kifua akifanya kazi aende hospitali kabla ya kushika dumu lolote.

Lakini lililokuwa gumu kuliko magoti ni heshima. Dada yangu alipokuja na kumkuta mama amekumbatia dumu, alilia. Kweli alilia. "Mama anabeba maji na watoto tupo? Majirani watasemaje?" Nilimwelewa. Kwetu sisi, mama aliyekaa ni ushahidi kwamba amezaa. Kumwona mzazi akibeba kitu ni kama kutangazwa kwamba mmemtupa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimfanya mama mgeni ndani ya nyumba yetu, na siku ya tatu haikufika.

Nikamkumbusha dada habari za Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini, hapa hapa nchini, kando ya Ziwa Eyasi. Watafiti wamewapima. Wahadzabe hupumzika karibu saa kumi kwa siku, sawa na watu wa mjini. Tofauti ni namna: sehemu ya muda huo wao huchuchumaa au hupiga magoti, misuli ya miguu ikiwa kazini, na muda mwingine wanatembea, wanachimba mizizi, wanabeba. Nasi tulikuwa na namna yetu: mkeka, kigoda, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, choo cha kuchuchumaa. Mama alikuwa anakaa na kuinuka kutoka chini mara nyingi kwa siku bila kuita hilo zoezi. Kochi liliifuta hesabu yote hiyo kwa wiki moja.

Sasa tumebadilisha nyumba badala ya kumbadilisha mama. Mbuzi ya nazi imerudi, na nazi anakuna yeye. Kanga zake anafua mwenyewe. Maji anabeba nusu ndoo, na msichana ameelezwa asimpokee. Mwezi wa tano tangu tuanze, kulikuwa na arobaini ya mjomba, Tandika. Nilikaa upande wa wanaume, mlangoni, nikimtazama tangu dua ilipoanza. Watu walipoanza kunyanyuka, mwanamke aliyekuwa karibu naye alimpa mkono. Mama alikuwa ameshaweka goti moja chini, akasukuma, akasimama. Akaupokea ule mkono baadaye, kwa kusalimia.

Jumanne na Ijumaa jioni sasa kuna viti vitatu barazani kwetu. Cha pili ni cha jirani mwenye presha ambayo imetulizwa, cha tatu ni cha bibi wa nyumba ya kona ambaye ana miaka 81 na wajukuu zake walimkataza kuja. Alikuja. Bado tunamwekea mito miwili, na wiki iliyopita alisimama mara nne bila kushika.