Maiti za Cladh Hallan: kuhifadhiwa ni jambo moja, kuunganishwa ni jingine

Huko Cladh Hallan, kwenye mchanga wa pwani karibu na kijiji cha Daliburgh, kisiwani South Uist, magharibi mwa Scotland, timu ya mwanaakiolojia Mike Parker Pearson, aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Sheffield, ilichimba kati ya 1988 na 2002 na kufukua safu ya nyumba za mviringo za Zama za Shaba Nyeusi. Chini ya sakafu kulikuwa na mifupa ya mwanamume na ya mwanamke, imekunjwa magoti kifuani. Nyumba zilijengwa karibu 1100 KK, lakini kwa vipimo vya kaboni-14, vinavyokadiria umri wa mabaki, mwanamume alikufa karibu 1600 KK na mwanamke karibu 1300 KK. Wachimbaji wakasema maiti zilikaushwa kwa makusudi na kutunzwa na walio hai kwa karne kadhaa.

Upande wao una ushahidi mzito. Maiti iliyooza ikihamishwa, viungo huachana, lakini hizi zilizikwa zikiwa bado zimeshikamana. Pia tabaka la nje la mfupa, kama milimita 2, lilikuwa limeliwa na asidi. Mchanga wa pale ni wa makombe yaliyosagika, una chokaa tele, hauwezi kufanya hivyo. Asidi hiyo iko kwenye vinamasi vya kisiwa, katika udongo mweusi unaokatwa na kukaushwa kuwa kuni. Humo bakteria huzuiwa na ngozi hukomaa kama iliyotengenezwa kwenye kiwanda cha ngozi, ila maiti ikizidishiwa muda mifupa nayo huyeyuka. Basi ilibidi itolewe mapema, baada ya miezi kadhaa, kisha ikaushwe. Ndani ya mfupa, mashimo yanayotobolewa na bakteria wa uozo yalianza kisha yakakoma, na hilo linalingana na hatua hizo.

Wanaopinga wana la kusema. Mchanga uliotunza mifupa haukubakiza ngozi wala nywele, kwa hiyo kila kitu kinakisiwa kutokana na mfupa. Bakteria waliokoma hawasemi kama ni kinamasi, moshi au upepo uliowakomesha. Tena, mifupa ya mtu aliyekula sana vyakula vya bahari huonekana ya kale kuliko ilivyo katika kaboni-14. Hoja hii ya mwisho ni halali, lakini naiona dhaifu: pengo la miaka 500 ni kubwa mno kuelezwa kwa samaki.

Ugumu zaidi uko kwenye mchanganyiko. Kiwiliwili cha mwanamume ni cha mtu mmoja, fuvu na pingili za shingo ni za wa pili, taya la chini ni la wa tatu. Hapa hata maabara haihitajiki: taya la juu halina jino hata moja, la chini linayo yote; shingo ina ugonjwa wa viungo, mgongo uliobaki hauna. Kwa mwanamke ilihitajika DNA, iliyochapishwa 2012: taya, mkono na paja havitoki kwa mama mmoja. DNA ya upande wa mama haitoshi kuthibitisha kwamba mifupa miwili ni ya mtu mmoja, lakini inatosha kuitenganisha, mradi sampuli hazikuchafuliwa na mikono ya wachimbaji.

Je, waliunganisha wazee wa koo mbalimbali ili kudai ardhi kwa pamoja, au walibadilisha tu vipande vilivyodondoka? Maelezo ya kwanza yanavutia, na ndiyo maana yanahitaji tahadhari. Sehemu za mwanamume ni za watu waliokufa wakipishana miaka mia kadhaa, ilhali za mwanamke zinakaribiana kwa wakati. Kwa mwanamume, lazima palikuwa na zaidi ya maiti moja iliyotunzwa muda mrefu. Kwa mwanamke, kuchanganyikiwa kwa mifupa katika kaburi moja la pamoja bado kunawezekana, ingawa meno yake mawili ya mbele yaling'olewa na kuwekwa moja katika kila kiganja, kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Nakubali kuhifadhiwa, nakubali kuchanganywa. Siasa ya ardhi bado haijapata mfupa wake.