Igonge Muhuri Kwanza

Nembo ya kwanza niliyolipwa kuichora ilifia kwa fundi mihuri, Kariakoo. Mteja alikuwa mama mmoja wa Tandika anayefungasha viungo vya pilau, na alitaka kila kitu kiwemo: mlima Kilimanjaro, mnazi, sufuria linalofuka moshi, ramani ya Afrika. Nikachora vyote. Nikamwongezea na jua, njano ikiyeyukia kwenye wekundu. Kwenye simu ilipendeza, akaiweka statasi siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata akanipigia: "Mwanangu, njoo uone ulichonifanyia." Muhuri ulikuwa umegonga doa la bluu. Mlima, sufuria na Afrika vimeshikana kama uji uliomwagika.

Tangu hapo nembo yoyote naichora kwanza kwa wino mmoja, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Ikisomeka, ndipo tuongee rangi. Wateja hawapendi, wanaona nawabania.

Lakini hebu ifuate nembo ya biashara ndogo hapa Dar uone inakopita. Ankara inatolewa fotokopi ya fotokopi. Fulana za wafanyakazi zinadariziwa, na uzi hauna huruma na vimistari vyembamba. Halafu mifuko: tangu ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi wanachapisha majina yao kwenye mifuko mbadala, na kwa uchapaji wa fremu, ambapo wino unasukumwa kupitia wavu, kila rangi inataka fremu yake. Rangi nne, fremu nne, gharama juu. Moja ikisogea kidogo tu, jina linaonekana kama limelewa. Bango la nje nalo linapigwa jua mwaka mzima, wekundu unageuka waridi.

Kuhusu rangi nina neno moja tu. Ukipaka duka kijani na njano, au nyekundu na nyeupe, jiandae kujibu maswali ya Yanga na Simba kila Jumatatu.

Kinachonikera zaidi ni hii imani kwamba nembo lazima ieleze biashara nzima. Muuza vipuri ana mlima, shule ina mlima, kampuni ya utalii ina mlima na twiga mbele yake. Mteja akitaka kunishusha bei hunitajia Nike: alama yao ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi, Carolyn Davidson, kwa dola 35. Ni kweli. Ila hamalizii kwamba mwaka 1983 kampuni ilimrudia ikampa hisa. Wala haangalii kwamba kwenye alama yenyewe hakuna kiatu.

Kuna na wale wanaochukua kiolezo cha bure mtandaoni, wanabadilisha jina, basi. Sawa, lakini kiolezo hicho hicho kinaweza kuwa na muuza keki wa Mbagala na fundi simu wa Tegeta. Siku ukitaka kusajili alama yako BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, utadai nini ni chako? Na ukimlipa mchoraji, mdai faili la vekta, lile linalokuzwa ukubwa wowote bila kuharibika. Picha uliyotumiwa WhatsApp imeshabanwa. Ipeleke ikachapwe bango la mita tatu, utarudi na vimraba.

Yule mama nilimchorea upya bila malipo. Safari hii niliweka karafuu moja, kichwa chake chenye ncha nne, na jina chini yake kwa herufi nene. Aliigeuza karatasi, akaniangalia. "Kitu kimoja tu, mwanangu?" Aliniuliza hivyo mara tatu, na mara ya tatu tulikuwa tayari tumesimama kwa fundi mihuri. Muhuri ule anao mpaka leo. Mpini umevunjika, kaufunga kwa mpira wa baiskeli.