Sikumezwa na Papa, Jamani

Kwanza, sikumezwa. Wala hapakuwa na papa. Nalisema hili mapema kwa sababu shoga yangu (yumo humu, anajijua) ameshatuma sauti ndefu kwenye kikundi cha arusi, na tangu jana napokea pole mpaka za watu wa Pemba. Shangazi mmoja kauliza kama mguu umepatikana.

Ni kasa. Mla majani! Akishakuwa mkubwa, huyu riziki yake ni mwani na majani ya baharini, basi.

Mnakujua Nungwi, kule upande wa mnara, kwenye mabwawa ya kasa. Ni shimo la mawe lililojichimba lenyewe, bahari ikijaa maji yanaingia, ikitoka yanapungua. Wengi waliomo walinaswa kwenye nyavu za wavuvi, wakaletwa watunzwe kabla ya kurudishwa baharini. Idd pili tukapanda daladala ya 116, mimi na shoga na kundi letu la watoto, na njia nzima mwalimu ni mimi. Kobe huingiza kichwa gambani, kasa hawezi. Mchanga ukiwa wa moto sana mayai hutoa majike, ukiwa wa baridi hutoa madume. Abiria wa nyuma wakawa wanasikiliza, nami nikaongeza sauti. Binti yangu akauliza, "Mama, anang'ata?"

"Atang'ata na nini? Hana meno."

Hiyo sentensi iwekeni pembeni, tutaihitaji.

Jingine: nilivaa mtandio wa shifoni, kijani ya mwani kabisa. Si wangu. Ni wa wifi yangu, kaletewa kutoka Maskati, na yeye anajua uko kabatini mwake. (Wifi hayumo humu, alhamdulillahi. Mnaomjua, nyamazeni.)

Basi. Maji yamejaa, watalii wamo ndani na miwani yao ya kuzamia, watoto wamejipanga pembeni. Kijana anayelisha akanipa fungu la mwani, akaniambia, "Dada, nguo iweke mbali na maji." Nikamjibu, "Hawa nawajua." Shoga akatoa simu.

Hapa twendeni polepole.

Nikachutama kwenye jiwe. Akaja mmoja mkubwa, gamba upana wa sinia la biriani. Akatoa kichwa, akapumua, phuu, pumzi ya mzee aliyepanda ngazi. Jicho moja likautazama mwani mkononi mwangu. Halafu likahamia begani, ambako ncha ya mtandio ilikuwa imeteremka, imelala juu ya maji, inachezacheza. Likarudi kwenye mwani. Likarudi kwenye mtandio. Wallahi nilimwona anachagua.

Akachagua Maskati.

Najua mnachosema: si ungeuachia? Wanawake wenzangu, nambieni, mtandio una pini ngapi? Wangu ulikuwa na moja chini ya kidevu na nyingine mbili begani. Yule hakuvuta kitambaa, alivuta kichwa. Nikaenda na magoti. Nikaanza kumsihi, tena kwa adabu: "Babu, siyo huu. Babu, mwani huu hapa." Nikampungia fungu mbele ya uso. Babu akafumba macho akavuta tena, taratibu, hana haraka, siku yote ni yake. Jiwe lina utelezi. Ndara moja ikabaki nchi kavu. Mimi na ndara ya pili tukateremka, kwa makalio, nikisoma kila dua ninayoijua pamoja na ya kula.

Maji yalinifika kifuani. Baibui likajaa hewa, likanizunguka lote juu ya maji, kichwa changu katikati. Mtalii mmoja akanipungia mkono.

Kimya kidogo. Kisha mwanangu wa kiume, sauti ya mnadani: "Mama! Sisi tumelipia kulisha tu, kuogelea hatujalipia!"

Na dada yake: "Mama ulisema hana meno!"

Hana, mwanangu. Ana mdomo mgumu wenye kingo za msumeno, wa kukatia majani. Sehemu hiyo ya somo hatukuifikia kwenye gari.

Shoga kwenye sauti yake anasema "nilishindwa kumpa mkono." Mkono alikuwa nao. Ulikuwa umeshika simu, na hautikisiki hata kidogo, video imetoka safi.

Kijana akaingia majini, akamsogezea babu fungu jipya, babu akaachia. Kipande cha shifoni kikabaki mdomoni, akakitoa chote, maana kitambaa tumboni mwa kasa ni balaa. Watu wakajaa kuuliza kama kasa yuko salama. Yuko salama, nawashukuru kwa niaba yake. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Yaliyobaki ni mafupi. Sikuwa na nguo ya kubadilisha, nikanunua fulana kwa muuza vitu vya watalii, kwa bei ya watalii, kifuani imeandikwa HAKUNA MATATA, nikajifunga na kanga ya shoga. Kwenye gari, utingo akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu, akaniambia, "Jambo! Karibu Zanzibar!" Mimi, mzaliwa wa Kikwajuni. Nikasema asante. Watoto wakacheka mpaka Mahonda.

Sasa shida iliyopo ni hii. Mtandio umepungua shibiri nzima upande mmoja, na wifi ameshasema atauvaa kwenye arusi Jumamosi. Anayejua duka pale Darajani lenye shifoni ya rangi ile aniandikie pembeni, si hadharani. Picha nitamtumia, ile ya kabla.