Madesa hayatakuvusha pepa ya fasihi ya Kiingereza

Wiki 3 kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula chuoni, madesa, yale makaratasi ya muhtasari ya kukariri, huanza kuzunguka. Kurasa 4 za muhtasari wa Beloved, riwaya ya Toni Morrison, ukurasa mmoja wa wahusika wa Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys, na orodha ya "dhamira za fasihi ya diaspora", yaani fasihi ya watu waliohama kwao, iliyotolewa kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia. Wanafunzi wenye akili nzuri kabisa huyakariri usiku kucha, kisha matokeo yakitoka na C wanashangaa. Swali la chuo kikuu haliulizi kitabu kinahusu nini. Linauliza kimeandikwaje, na uandishi huo umezaa maana gani. Desa hubeba kisa na kuziacha sentensi, na katika fani hii sentensi ndiyo ushahidi.

Chukua soneti, shairi la mishororo 14, ya Claude McKay, If We Must Die. Ni shairi fupi linalogusa pande zote 3 za kozi, Uingereza, Marekani na diaspora: mshairi ni Mjamaika aliyehamia Marekani mwaka 1912, analiandika mwaka 1919, magenge ya Wazungu yakiwashambulia watu weusi mji baada ya mji, na umbo alilolichagua ni la Kiingereza, lile la Shakespeare, mafungu 3 ya mishororo 4 na mishororo 2 ya kufungia. Desa litakwambia "mshairi anawahimiza weusi wapigane". Sasa lisome lenyewe. Hakuna neno "mweusi" wala "Mzungu" mahali popote. Katika mshororo wa 1 wasemaji wanakataa kufa kama nguruwe. Wakifika mshororo wa 13 wamekuwa watu. Maadui wao walianza wakiwa mbwa, na mwisho bado ni kundi la mbwa. Mshororo wa 9, pale soneti inapogeuka, ndipo mshairi anapowaita ndugu zake kwa mara ya kwanza. Hapo tayari una aya 2 za insha ambazo hazimo katika desa lolote.

Bado mizani. Mwanafunzi aliyelelewa na tarbia, shairi letu la mishororo 4 kwa ubeti, huhesabu silabi, akipata 10 anaridhika na kusonga mbele. Kwetu silabi zote zina uzito mmoja, 8 kwa 8, na hesabu inatosha. Kiingereza hutembea kwa mkazo: hafifu-nzito, mara 5. Soma mshororo wa mwisho kwa sauti: "Pressed to the wall, dying, but fighting back!" Silabi ni 10, mikazo ni 5, lakini umeanza na nzito badala ya hafifu, na kwenye "dying" mkazo umewahi tena kabla ya zamu yake. Mpigo wa shairi unasukumwa ukutani pamoja na watu wake, na unatulia kwenye maneno 3 ya mwisho, wanapojibu mapigo. Uchambuzi wa namna hii ndio unaotenganisha A na B+, wala hauhitaji maktaba. Unahitaji kusoma kwa sauti mara 5 au 6.

Kwa hiyo matayarisho yaanze wiki 6 kabla, si 3. Kwanza tafuta mitihani ya miaka 4 au 5 iliyopita na usome maelekezo ya ukurasa wa kwanza kabla ya maswali yenyewe. Je, kila sehemu ina swali la lazima? Je, kitabu kimoja kinaruhusiwa kutumika mara 2? Wapo wanaopoteza theluthi ya alama kwa kujibu maswali 2 kutoka sehemu moja. Ukiwa na pepa ya maswali 3, andaa vitabu 6 barabara: 2 vya Uingereza, 2 vya Marekani, 2 vya diaspora. Kila kimoja kirudie chote mara moja, kisha chagua kurasa 3 tu, mwanzo, mahali mambo yanapogeuka, na mwisho, uzisome mpaka uzijue kama njia ya kwenu. Toa humo nukuu 8 zenye maneno 3 hadi 6. Nukuu ndefu ina hasara 2: utaikosea ukumbini, na itakula nafasi ya uchambuzi.

Kisha viunganishe. Kusoma Uingereza wiki hii na diaspora wiki ijayo, kama visiwa, ndilo kosa linaloniumiza zaidi, maana vitabu hivi vinajibizana. Jane Eyre ya 1847 na Wide Sargasso Sea ya 1966 kila mtu anaijua hiyo jozi, na karibu kila mtu huishia kuandika kwamba Jean Rhys "amempa sauti" yule mke wa Rochester aliyefungiwa darini katika Jane Eyre. Mbona basi sehemu ya pili ya kitabu cha Rhys, kwa kiasi kikubwa, inasimuliwa na mume, tena mume asiyetajwa jina? Anzia hapo. Jozi inayosahaulika ni Bartleby, karani wa Wall Street katika hadithi ya Herman Melville ya 1853, na Saleh Omar wa By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, mzee wa Zanzibar anayetua Gatwick akijifanya hajui Kiingereza huku ofisa uhamiaji akimchukulia kijikasha chake cha udi. Saleh Omar mwenyewe anamkumbuka Bartleby. Ukimya wa anayekataa kazi na ukimya wa anayeomba hifadhi unakutana wapi, na unaachana wapi? Hilo ni swali la kujibu kwa dakika 45.

Na neno diaspora lisitumike kama gunia la kutia kila msafiri. Wahusika wa Sam Selvon katika The Lonely Londoners ya 1956, wahamiaji kutoka Karibi, waliingia London kama raia, kwa sheria ya uraia ya 1948. Saleh Omar anaingia akiomba hifadhi. Ifemelu wa Americanah, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, anakwenda Marekani kusoma. Sheria iliyowafungulia mlango ndiyo inayoamua wanaogopa nini.

Kuna mali nyingine tunaiacha mlangoni mwa ukumbi wa mtihani. Msomaji wa Kiswahili anapofungua Paradise ya Gurnah ya 1994, anajua rehani ni nini kabla ya kuelezwa kwamba Yusuf ametolewa kwa deni la baba yake. Anayejua kisa cha Nabii Yusuf ataona mara moja kwa nini tajiri anaitwa Aziz, kama bwana wa Yusuf katika Kurani, na kwa nini ni muhimu kwamba shati limechanika kwa nyuma, ishara kwamba alikuwa akimkimbia mwanamke. Liandike hilo. Lina thamani kuliko jina la mwananadharia lililochomekwa bila kazi.

Siku yenyewe, saa 3 ni dakika 180: 10 za kusoma maswali, 55 kwa kila insha, 5 za mwisho. Ndani ya 55, 10 ni za kupanga. Jipime mapema: andika dakika 45 bila kusimama, uhesabu maneno. Ukipata 600, insha yako ni aya 5, usipange 9.

Dakika 5 za mwisho pitia viwakilishi, he na she. Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", na mkono ukichoka kalamu huteleza. Anzia kwa Denver wa Beloved: ni binti wa Sethe, na aliyesoma desa peke yake humwandika mwanamume tangu ukurasa wa kwanza.