Saa 3,000 za kaunsela mpya: nani azilipie?

Kila mjadala wa leseni ya ukaunsela wa afya ya akili Marekani ukianza, waliomaliza masta juzi wakilalamika juu ya maelfu ya saa za kazi ya kusimamiwa wanazodaiwa kabla ya leseni, wanajibiwa lile lile, eti vijana wanataka njia ya mkato. Naona wanaonewa, maana ukikaa nao ukawasikiliza hakuna hata mmoja anayesema asisimamiwe.

Mtu kasoma masta ya krediti 60, ndani yake kafanya saa 100 za mazoezi ya mwanzo na saa 600 za intanshipu, ndo kipimo cha CACREP wanaoidhinisha kozi hizi. Anavaa joho, picha zinapigwa, alafu anaambiwa safari ndo inaanza. Ili apate leseni, New York na California anadaiwa saa 3,000 chini ya supavaiza, yaani mtaalamu mwenye leseni anayemsimamia, Texas 3,000 pia na humo 1,500 ziwe za kukaa na mteja, Florida 1,500 za uso kwa uso na huruhusiwi kuzimaliza kabla ya wiki 100. Na mtihani bado.

Bodi zinazotoa leseni nazo zina hoja, tena nzito. Kazi hii inafanyika mlango umefungwa, chumbani watu wawili tu na mmoja kaja akiwa ameumia. Daktari akikosea kwenye upasuaji kuna wenzake pale wameona, ila kaunsela akimjibu ovyo mtu anayesema kwa sauti ya chini kwamba hataki tena kuishi, nani atajua? Nisingependa ndugu yangu awe mteja wa kwanza wa mtu asiye na mkubwa wa kumpigia simu jioni hiyo. Kuna vitu darasani havifundishiki, vinakuja siku supavaiza anapokuuliza "hapo aliponyamaza, wewe ulifanya nini?" Kwa hiyo saa zibaki.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndo watu wanapita mbio. Zile 1,500 za kukaa na mteja, gawa kwa wateja 20 kwa wiki, kila mmoja saa moja, unapata wiki 75, mwaka na nusu hivi, unaona mbona inawezekana. Lakini hao 20 ni walioingia wakakaa kwenye kiti, sio walioandikwa kwenye kalenda. Dada mmoja ninayemfahamu alinihadithia Alhamisi yake: wateja sita kwenye ratiba, saa nne kaja mmoja, saa tano kakaa anautazama mlango, boksi la tishu kaliweka upande wa mteja, dakika 15 zimepita, anapiga simu inaita tu, mwisho anaandika kwenye faili "hakufika". Siku ile walikuja watatu. Kliniki yake inamlipa kwa mteja aliyefika, yaani zile saa tatu hazikumpa hela na kwenye hesabu ya kukaa na mteja hazimo. Kati ya 20 wakiwa wanafika 14, zile wiki 75 zinakuwa 107, na hapo hujaumwa, hujafiwa, hujazaa.

Na wanaokosa miadi ni kina nani? Mara nyingi ni yule anayetegemea basi, yule aliyebadilishiwa zamu usiku, yule mtoto kaamka na homa. Yaani kaunsela mpya aliyeamua kuhudumia watu wa kipato cha chini ndo saa zake zinakawia kuliko za mwenzake, na kama kazini hakuna supavaiza anayekubalika na bodi anamlipa wa nje kwa mfuko wake. Mwenye mume au mke mwenye mshahara atavumilia. Aliyetoka familia kama za wateja wale ndo anaachia njiani, na hilo linaniuma kuliko yote, maana lugha ya maisha yale anaijua bila kufundishwa.

Sisemi kliniki zote zina tamaa. Supavaiza anaweka leseni yake rehani, lazima alipwe, na bima nyingi hazitaki asiye na leseni kamili, hata Medicare, bima ya serikali kuu hasa kwa wazee, ilipoanza kuwalipa makaunsela tarehe 1 Januari 2024 ilikuwa ni wenye leseni kamili. Lakini Medicare hiyo hiyo ndo inabeba mzigo mkubwa wa pesa za serikali kuu zinazofundisha madaktari wapya mahospitalini, na daktari mpya anajifunza huku anapokea mshahara, mgonjwa afike asifike. Hakuna anayemwambia anataka njia ya mkato. Kaunsela mpya naye apewe hivyo hivyo, mshahara wa kudumu na usimamizi uliolipiwa, saa zikae zilivyo.

Yule dada amebakiza saa 400 na ushee. Mwezi uliopita kapata nafasi kwenye ofisi ya wateja wenye bima nzuri na magari yao, wanaofika. Kaniambia anaenda.