Idadi ya Watoto Haijibu Swali la Uvimbe

"Wewe umezaa wanne na wote umewanyonyesha, saratani ya titi utaitoa wapi?" Kauli za namna hii husemwa kwa upendo, aghalabu na wanawake wenzetu, na zina ukweli ndani yake. Ukweli huo ndio unaonitia wasiwasi. Aliyeushika nusu anaweza kukaa na uvimbe mwaka mzima akiamini kwamba watoto wake wamemkinga.

Ukweli wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1713 tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika kwamba watawa wa kike walipatwa na saratani ya titi kuliko wanawake wengine. Mwaka 1926 daktari Mwingereza Janet Lane-Claypon aliwalinganisha wanawake wapatao 500 wenye ugonjwa huo na wengine 500 wasio nao, akaona kwamba uzazi na kunyonyesha vina uzito. Halafu mwaka 1970 Brian MacMahon na wenzake, wakitumia takwimu za nchi mbalimbali, walionyesha jinsi umri wa kumpata kifungua mimba unavyohusika: aliyezaa kabla ya miaka 18 alikuwa na takriban theluthi moja tu ya hatari ya yule aliyeanza kuzaa akiwa na miaka 35 au zaidi. Mwaka 2002 uchambuzi uliounganisha tafiti 47 kutoka nchi 30 ulikadiria kuwa kila uzazi hupunguza hatari kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza kwa asilimia 4.3 zaidi.

Titi halimalizi kukomaa mwanamke anapobalehe. Mimba inayofika miezi ya mwisho huzikomaza seli za tezi za maziwa, na seli iliyokomaa haigeuki saratani kwa wepesi kama ile changa. Kunyonyesha nako huchelewesha hedhi, na kwa hiyo hupunguza mizunguko ya homoni ambayo titi hupitia katika maisha.

Sasa ile nusu ambayo husemwa kwa nadra. Kinga hiyo haianzi siku ya kujifungua. Mwaka 2019 watafiti waliunganisha habari za wanawake karibu 890,000 na kukuta kwamba aliyezaa huwa na hatari iliyo juu kidogo kuliko mwanamke wa rika lake ambaye hajazaa. Hatari hiyo hufika kileleni kama miaka 5 baada ya uzazi, na hupita zaidi ya miaka 20 kabla mizani haijageuka. Hali hii huonekana zaidi kwa waliochelewa kupata mtoto wa kwanza. Ni kweli kwamba katika umri mdogo ugonjwa wenyewe ni wa nadra, hivyo nyongeza hiyo ni ndogo kwa hesabu ya watu, na hakuna mama wa kuikosea usingizi. Lakini haki yake ni kuambiwa.

Isitoshe, saratani ya titi si moja. Kinga ya uzazi huonekana hasa kwenye aina inayochochewa na homoni. Kwa aina kali isiyotegemea homoni, ambayo huwapata zaidi wanawake vijana na wenye asili ya Afrika, kuzaa watoto wengi hakuleti kinga hiyo. Tafiti za wanawake Wamarekani Weusi zimeonyesha hata kinyume chake kwa wale ambao hawakunyonyesha. Kunyonyesha ndiko kunakoonekana kusaidia hapo. Kwa sababu hiyo naona kumsaidia mama anyonyeshe, kwa likizo ya kutosha na mahali pa faragha kazini, kuna maana kuliko kumhesabia watoto.

Nakasirika ninapoona takwimu hizi zikigeuzwa ushauri kwamba wasichana wazae mapema. Mimba ya msichana mdogo ina hatari zake, nyingine za kifo, na huwa inamkatizia masomo. Hakuna daktari makini anayeandika mimba kama dawa ya kuzuia saratani. Nawafikiria pia wasio na watoto, kwa kutaka au kwa kukosa, wanaougua na kisha kusikia minong'ono kwamba wamejiletea. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya saratani za titi huwapata wanawake wasio na kihatarishi mahsusi zaidi ya jinsia yao na umri. Na aliyeharibikiwa na mimba, au aliyeitoa, asibebeshwe lawama hii: uchambuzi wa mwaka 2004, uliohusisha tafiti 53, haukukuta kwamba jambo hilo huongeza hatari.

Penye hatari ya kweli ni pale mama anayenyonyesha anapogusa uvimbe na kuambiwa, "Ni maziwa tu." Mara nyingi huwa ni maziwa kweli, au mrija umeziba, au titi limepata maambukizi. Lakini vitu hivyo hubadilika ndani ya siku chache mtoto akinyonya vizuri au dawa ikitumika. Uvimbe unaobaki wiki mbili bila kupungua, ngozi inayonywea ndani, chuchu inayotoa damu au tezi ngumu kwapani ni mambo ya kuchunguzwa hata kama mtoto ana mwezi mmoja. Ultrasaundi haimdhuru mtoto wala maziwa, na hata mjamzito anaweza kupimwa kwa ultrasaundi na kuchukuliwa kinyama cha kupimwa. Akikutwa na saratani, anaweza kufanyiwa upasuaji, na dawa nyingi za kemotherapia hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba.

Mama hurudi kliniki mara nyingi katika mwaka wa kwanza kwa ajili ya chanjo na uzito wa mtoto. Ningetaka katika mahudhurio hayo aulizwe pia habari za matiti yake, na akisema kuna kitu, apimwe siku hiyohiyo au apewe rufaa kabla hajatoka mlangoni.